Mhojiwa wa Kumi na Nne

Kushoto inchi moja na nusu, kwa ajili ya uzi na gundi,
kulia moja, juu moja, chini moja.
Nafasi mbili kati ya mistari.
Shilingi kumi ukurasa, jalada jeusi mia nne,
herufi za dhahabu unalipia kando.
Hiyo ndiyo dini yangu hapa Ngara, ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani,
na mwezi wa kuwasilisha tasnifu ndio mfungo wangu.

Wanakuja macho yamewaingia ndani,
wamebeba miaka mitatu kwenye kidude cha ukubwa wa kidole.
Wengine wamesahau mwaka wa kitabu,
wengine wamemnukuu profesa kwa jina lake la kwanza
kana kwamba walitahiriwa mwaka mmoja.
Mmoja aliandika: Chanzo, najua tu.
Nilimrudishia. Mwanangu, nikamwambia,
kujua tu hakuna mwaka wala mchapishaji.

Mimi sikufika chuo. Nilifika kwenye mikato yake.
Najua jina la ukoo hutangulia,
na lile alilokuita mama hukatwa
libaki herufi moja na nukta.
Najua kichwa cha kitabu hulazwa kidogo,
na mstari wa pili huingia ndani
kama mdeni anayepita nyuma ya duka.

Jumanne stima ilipotea saa tano, ikarudi saa nane,
na Awinja alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki,
tasnifu yake ya maji ya Mukuru imesimama
ukurasa wa sitini na tatu.
Nilikuwa nahesabu mabano, sisomi.
Ukisoma utachelewa.
Lakini jicho lina ukaidi wake:

"Ukitaka kumjua mwenye mji, fuata bomba linapopinda"
(Halvorsen, 2009, uk. 88).

Mabano sawa. Mikato sawa. Nukta iko nje, inapopaswa.
Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Hayo ni maneno ya kaka yangu.
Aliyasema akiwa amelowa hadi magoti,
spana begani,
mgeni ameshika kinasa sauti
na mimi nimeshika birika, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja
na sikuwa na pa kupita.
Mgeni alicheka, akaomba ayarudie polepole.
Akayarudia polepole.
Akapewa mia tano na karatasi ya kutia sahihi.

Nilimuuliza Awinja kama anacho hicho kitabu. Anacho, kwenye simu.
Tukakipekua pamoja:
sentensi ipo, juu yake kuna kinambari,
na chini kabisa, kwa herufi za siafu,
Mhojiwa wa 14, mwanamume, kazi za mikono.

Si uongo. Hilo ndilo linalonikera.
Alikuwa mwanamume. Mikono alikuwa nayo.

Awinja alinyamaza, kisha akasema
mwongozo wa idara haupokei mazungumzo kwenye marejeo:
kile ambacho msomaji hawezi kukitafuta, hakiorodheshwi.
Ni kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha.
Na kaka hatafutiki tena,
tangu mtaro ulipomfunika ile Aprili ya mvua.

Nikarudi kazini. Nikamsogeza Halvorsen ndani nusu inchi.
Nikampa nukta yake.

Alipolipa, nikafungua kitabu cha risiti,
kaboni chini,
na penye neno Maelezo, badala ya kurasa 112, majalada mawili,
mkono uliandika, ukoo kwanza:

Musembi, K. (2009). Bomba linapopinda.
        Mazungumzo, mlangoni, Mukuru. Chai ilikuwa bado moto.

Akaisoma mara mbili. K. ni ya nini?
Kyalo, nikamwambia.

Aliyefuata alikuwa na kurasa mia mbili
na hakuna hata mwaka mmoja.